FurMark inapita, gemu inatoa vidoto: kutafuta kosa baada ya kupandisha kasi ya kadi ya michoro kwenye laptopu

Swali: "Laptopu yangu ina GeForce RTX 3060 yenye memori ya GB 6. Kwa kutumia MSI Afterburner, programu ya kubadilisha kasi ya kadi, niliongeza megahezi 150 kwenye kiini, yaani chipu inayochora, na 800 kwenye memori ya kadi. FurMark, programu ya kuijaribu kadi kwa mzigo mzito, inakwenda nusu saa bila tatizo. Lakini nikifungua gemu, mara nyingine skrini inakuwa nyeusi nikiwa bado kwenye menyu, kisha inarudi. Nikicheza kama dakika ishirini, vinaanza vidoto vyeupe na vya rangi, na pembetatu ndefu zinachomoza kutoka kwenye miili ya wahusika. Je, kadi imeharibika? Na kama FurMark inapita, kosa liko wapi?"

Ndugu yangu, kwa maelezo uliyotoa, uwezekano mkubwa kadi yako ni nzima. Ninachokiona ni matatizo mawili yaliyokutana. Kiini kinalazimishwa kukimbia kuliko volti inayopewa inavyoruhusu, na memori inalazimishwa kukimbia kuliko inavyoweza ikishapata joto. Ile skrini nyeusi ya kwenye menyu ni tatizo la kwanza. Vidoto vya dakika ya ishirini ni la pili. Pembetatu zinaweza kutokana na lolote kati ya hayo, na ndiyo maana usijaribu kuyatatua yote kwa mkupuo. Yatenganishe, na jioni moja inaweza kukutosha.

Kwanza hakikisha kwamba kosa linatokana kweli na hizo namba ulizoongeza. Rudisha namba za kiwandani kwenye Afterburner, ondoa ile alama inayoiambia programu iweke namba zako kila Windows inapowaka, kisha washa laptopu upya. Hatua hii ya kuwasha upya wengi huiruka, na inawapotezea muda mwingi. Draiva ikishaanguka mara moja, huenda kasi ikaganda chini, au nyongeza zako zikawa zinaonekana kwenye dirisha la programu ilhali kadi haizitumii tena. Jaribio lolote linalofanyika katika hali hiyo halikuambii kitu. Baada ya kuwasha, cheza gemu ileile, sehemu ileile, kwa muda mrefu kuliko ule uliokuwa unaleta vidoto. Picha ikibaki safi, endelea kusoma kwa utulivu. Vidoto vikitokea hata kwa kasi ya kiwandani, ruka hadi mwisho wa jibu hili, maana shida yako ni nyingine.

Kuna kipimo kingine ambacho hakihitaji programu yoyote mpya. Vidoto vikionekana, piga picha ya skrini kwa kompyuta yenyewe, halafu ipige skrini hiyohiyo kwa simu. Fungua zote mbili uzilinganishe. Kasoro ikiwamo katika picha zote mbili, basi picha imechorwa vibaya tangu mwanzo, na mshukiwa ni kiini au memori ya kadi. Kasoro ikiwa kwenye picha ya simu peke yake, kadi imechora vizuri na uharibifu umetokea njiani: kwenye kebo inayopita kwenye bawaba, kwenye paneli ya skrini, au kwa sababu uliipandishia skrini idadi ya picha inazoonyesha kwa sekunde kupita ile iliyotengenezewa. Fungua na ufunge kifuniko taratibu. Mistari ikibadilika kadiri bawaba inavyosogea, hiyo ni kebo, na hakuna namba ya Afterburner itakayoiponya.

Laptopu ina jambo jingine ambalo kompyuta ya mezani kwa kawaida haina. Katika laptopu nyingi skrini imeunganishwa na chipu ndogo ya michoro iliyo ndani ya prosesa. GeForce inachora gemu, inaikabidhi picha iliyokamilika kwa hiyo chipu ndogo, nayo ndiyo inayoipeleka kwenye skrini. Kwa hiyo ukiona kasoro ndani ya gemu pekee, na ukirudi kwenye eneo-kazi la Windows kila kitu ni safi, mshukiwa ni GeForce. Ukiona kasoro hata ukiwa unasoma barua pepe, angalia kwingine. Chipu ndogo hutumia memori kuu ya kompyuta, hivyo kama ulipandisha kasi ya memori hiyo au ulishusha volti ya prosesa, mabaka yanaweza kutokea huko bila GeForce kuhusika hata kidogo. Laptopu yako ikiwa na swichi ya kuunganisha skrini moja kwa moja na GeForce, jaribu hali zote mbili uone kama kasoro inahama.

Sasa nije kwenye FurMark, kwa sababu hapo ndipo swali lako lilipo hasa, na ndipo watu wengi wa laptopu wanapodanganyika.

NVIDIA huruhusu RTX 3060 ya laptopu itengenezwe kwa kikomo cha umeme cha kuanzia wati 60 hadi 115, kulingana na uamuzi wa mtengenezaji wa laptopu. Kikomo hicho kimefungwa ndani ya programu-msingi ya kadi, na kwenye laptopu nyingi kitelezi cha umeme katika Afterburner hakisogei kabisa. FurMark ni mzigo mzito kupita kiasi. Inafikia kikomo cha wati ndani ya sekunde chache, na kadi inajibu kwa kushusha kasi na volti kwa pamoja hadi iweze kubaki chini ya kikomo. Fungua GPU-Z, programu inayoonyesha vipimo vya kadi, wakati FurMark inaendelea, uende kwenye ukurasa wa vihisio. Utaona kasi ya kiini imeshuka kwa megahezi mia kadhaa, na kwenye mstari wa PerfCap Reason utaona neno Pwr, yaani kinachoizuia kadi ni umeme. Kwa nusu saa nzima umekuwa ukipima sehemu ya chini ya uwezo wa kiini, mahali ambapo nyongeza yako ya 150 haikuwa na shida.

Menyu ya gemu ni hali iliyo kinyume kabisa. Mzigo ni mwepesi, wati ni chache, joto ni dogo, hivyo hakuna kinachoizuia kadi kupanda. Inapaa hadi kileleni, kwenye volti ya juu na kasi ya juu, halafu nyongeza yako ya 150 inawekwa juu ya hapo. Huko juu ndiko kiini kinakosa nafasi ya kutosha ya usalama. Hesabu moja inachelewa au inatoka vibaya, draiva inasubiri jibu lisilokuja, na Windows, ambayo kwa kawaida huvumilia sekunde 2, inaanzisha draiva upya. Hiyo ndiyo skrini nyeusi unayoiona. Fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, sehemu ya System, utafute muda uleule skrini ilipozimika. Ukikuta tukio namba 4101 linalosema draiva ya skrini iliacha kujibu na imerudi, au makosa yenye jina nvlddmkm, umepata ushahidi.

Ndiyo maana namwambia kila anayepandisha kasi kwenye laptopu asiamini mzigo mzito peke yake. Kwenye mashine yenye kikomo kikali cha wati, hatari iko kwenye mizigo ya kati na myepesi, na kwenye zile nukta za kupanda na kushuka: kutoka kwenye menyu kuingia mchezoni, skrini ya kupakia ramani, kubadili dirisha kwenda kwenye kivinjari na kurudi. Jaribio zuri la kiini lichanganye hayo yote. Cheza dakika kumi, rudi kwenye menyu ukae kidogo, ingia tena, toka, badili ramani. Gemu ya zamani na nyepesi mara nyingi hukamata kosa ambalo gemu mpya na nzito haikulionyesha.

Tuanze basi na kiini. Weka nyongeza ya memori sifuri, uiache hapo. Kiini kianze na 60. Kadi za GeForce za tangu kizazi cha Turing, mwaka 2018, hupanda kwa ngazi za megahezi 15, kwa hiyo sogea kwa ngazi hizo hizo. Kuweka namba iliyo katikati ya ngazi mbili hakukuletei faida. Pima kila ngazi kwa mchanganyiko niliouelezea. Ikianguka, shuka ngazi mbili, washa upya, upime kwa muda mrefu zaidi. Kosa la kiini kwa kawaida halitoi onyo refu: gemu inajifunga, skrini inakuwa nyeusi, au umbo linararuka ghafla kwa fremu moja mbili halafu kila kitu kinasimama.

Kuna njia ambayo naiona bora zaidi kwa laptopu, nayo ni kuuchora mkunjo wa volti na kasi mwenyewe. Ndani ya Afterburner bonyeza Ctrl na F. Utaona mstari wenye vinukta. Mlalo ni volti na wima ni kasi. Chagua nukta ya volti ya chini kiasi, mathalani milivolti 800. Ipandishe hadi kasi unayoitaka, mathalani megahezi 1,700, kisha vinukta vyote vilivyo kulia kwake viwe bapa kwenye kasi hiyohiyo, halafu uthibitishe. Namba hizo ni mfano wa kuanzia. Kila chipu ina zake, na yako itakubali kidogo zaidi au kidogo chini. Kadi haitapanda tena kwenda kwenye kile kilele kilichokuwa kinaiangusha kwenye menyu, kwa sababu umekiondoa. Tena, kwa vile volti ni ndogo, wati zinazookolewa zinakwenda kwenye kushikilia kasi wakati mzigo ni mzito. Kwenye laptopu inayobanwa na wati, mara nyingi hupata fremu zaidi hivi kuliko kwa nyongeza ya kijumla ya 150, na kelele za feni zinapungua. Ufanye uchoraji huo kadi ikiwa imeshapata joto la kazi, kwa sababu kadiri joto linavyobadilika, kadi yenyewe huusogeza mkunjo kwa ngazi moja au mbili, na nukta uliyoiweka kwenye baridi unaweza kuikuta mahali pengine.

Memori inahitaji uangalifu wa aina nyingine, na namba zake zinachanganya. Memori ya kadi yako ni GDDR6 ya gigabiti 14 kwa sekunde kwa kila pini. Afterburner itakuonyesha takriban megahezi 7,000. GPU-Z, kwa memori hiyohiyo, itakuonyesha 1,750. Kwa hiyo 800 uliyoiweka kwenye Afterburner inasomeka kama ongezeko la 200 tu kwenye GPU-Z, lakini kwa hesabu ya kasi halisi umetoka 14 hadi 15.6. Hilo ni ongezeko la zaidi ya asilimia 11 kwa memori iliyobanwa ndani ya laptopu. Ukisoma mahali kwamba mtu fulani ameongeza 200 na kila kitu kinakwenda vizuri, uliza kwanza anasoma kwenye programu gani.

Kingine: kiini kikipata joto hujipunguzia kasi chenyewe kidogo kidogo, lakini memori kwa kawaida hubaki kwenye kasi uliyoiwekea hata joto likiongezeka. Dakika za mwanzo haina tatizo. Prosesa na kadi hutumia mabomba yaleyale ya kupozea, kwa hiyo joto la prosesa linaongezeka juu ya lile la kadi, na chipu za memori zilizokizunguka kiini zinapokea yote. FurMark haikuonyesha hilo pia, kwa sababu haiichoshi prosesa na haijazi memori ya kadi. Gemu inafanya yote mawili. Dakika ya ishirini biti moja inasomwa vibaya. Ikiwa biti hiyo ni ya rangi, unaona kidoto au mraba wa rangi isiyo yake. Ikiwa ni ya mahali pa kona ya umbo, kona hiyo inarushwa mbali na unaona pembetatu ndefu ikichomoza kifuani mwa mhusika. Ndiyo maana nilisema pembetatu zinaweza kutoka upande wowote: kiini kikikosea hesabu ya kona hiyo, matokeo machoni ni yaleyale. Kwako naishuku memori, kwa kuwa zinakuja pamoja na vidoto na baada ya joto.

Rudisha kiini kwenye kasi ya kiwandani wakati unaipima memori. Ipashe laptopu joto kwanza kwa gemu ya dakika ishirini, kisha bila kuiacha ipoe endesha kipimo cha memori ya kadi kilichomo ndani ya OCCT, au programu huria ya memtest_vulkan. Hizi zinaandika data, zinaisoma, na zinakuhesabia makosa, jicho halihitajiki. Kosa moja tu linatosha kukuambia ushuke. Panda kwa mia mia kwenye Afterburner kuanzia sifuri.

Sambamba na hilo, endesha kipimo kinachotoa alama, kama vile Unigine Superposition, kwa kila hatua, na uandike alama zako pembeni. Nasisitiza hili kwa sababu memori za kisasa zina njia ya kutambua data iliyoharibika njiani na kuituma tena. Unaweza kupandisha, usione kidoto hata kimoja, kumbe kadi inatumia muda kurudia kutuma. Alama zikisimama au zikianza kushuka huku kasi inapanda, umeshapita kikomo hata kama picha ni safi. Chukua hatua ya mwisho iliyoongeza alama, punguza nyingine 100 kutoka hapo, na hiyo ndiyo namba yako. Usishangae ikiwa itaishia mbali chini ya 800.

Ukishapata namba mbili, ya kiini na ya memori, ziweke pamoja na upime tena kwa saa moja au mbili za mchezo wa kawaida. Wakati mwingine kila moja inapita peke yake lakini zikiwa pamoja zinashindwa, kwa sababu memori inayokimbia zaidi inakula wati zaidi na kuongeza joto. Hapo punguza memori kwanza.

Kuhusu joto lenyewe: laptopu nyingi zenye kadi za kizazi chako huanza kupunguza kasi kiini kinapokaribia nyuzi 87. Ukiwa unacheza kwenye 85 na 86 muda wote, huna nafasi ya kupandisha chochote. Safisha feni, inua upande wa nyuma wa laptopu ipate hewa, ndipo urudi kwenye namba. Na kama laptopu iliwahi kufunguliwa na kubadilishwa pasta ya joto, uliza kuhusu pedi zilizo juu ya memori. Pedi nyembamba kuliko inavyotakiwa haigusi chuma cha kupozea. Nene kupita kiasi inakiinua chuma hicho mbali na kiini. Joto la kiini linaweza kusomeka vizuri kabisa huku memori inaungua, hasa kwa vile GDDR6 kwenye laptopu nyingi haionyeshi joto lake kwenye programu yoyote.

Pima ukiwa umechomeka chaja ya laptopu yenyewe. Kwa betri peke yake kadi hujishusha sana, na utakuwa unapima kitu kingine.

Draiva nitaigusa kwa ufupi. Ikiwa kasoro ilianza siku ulipoisasisha, iondoe kwa DDU, programu ya kufuta draiva za michoro, ukiwa kwenye hali salama ya Windows, kisha weka ile uliyokuwa nayo. Kasoro ikitokea ndani ya gemu moja tu, tena kwenye kitu kilekile kila mara, mathalani maji au nywele, huenda ni hitilafu ya gemu hiyo au ya draiva. Kosa la kasi hutawanyika, halichagui nywele. Hali salama hiyohiyo itakuokoa pia siku Windows ikianza kuanguka kila inapowaka kwa sababu ya namba ulizoziweka, kwa kuwa huko draiva ya NVIDIA haipakiwi na nyongeza zako hazifanyi kazi. Ingia, ifute Afterburner pamoja na mipangilio yake, uwashe upya.

Ulitaka kujua kama kadi imeharibika. Kwenye GeForce za laptopu, nyongeza ya Afterburner haiongezi volti kupita kikomo cha kiwandani. Inaiomba kadi ikimbie zaidi kwa volti ileile. Ikishindwa, inaanguka au inachora vibaya, na ukirudisha namba inarudi kuwa ilivyokuwa. Kinachoua kadi ni volti na joto la muda mrefu. Kwa hiyo kaa mbali na ushauri wa kuandika upya programu-msingi ya kadi ili kupata wati za ziada. Mfumo wa umeme na wa kupozea wa laptopu yako ulipangwa kwa wati zile ilizotoka nazo, na maandishi yakienda vibaya unabaki na ubao mama usioonyesha picha, kwa sababu kadi imelehemwa humo humo.

Na ikiwa vidoto vinaonekana kwa kasi ya kiwandani, draiva safi, laptopu ikiwa imepoa, hasa vikionekana hata kwenye nembo ya mtengenezaji kabla Windows haijaanza, basi ni maunzi: chipu ya memori inayokufa, au lehemu iliyopasuka chini ya chipu. Nakili mafaili yako leo, kabla ya kitu kingine chochote. Dhamana ikiwa bado hai, ipeleke bila kuifungua. Ikiwa imekwisha, tafuta fundi mwenye mashine ya kubadilisha chipu na umwombe apime kwanza ni chipu ipi ya memori yenye kosa, maana kubadilisha chipu moja ni kazi ndogo kuliko kubadilisha ubao mzima. Usikubali ubao upashwe moto kwa bunduki ya hewa ili "uamke". Mara nyingi unaamka kwa wiki chache, kisha unalala ukiwa umeharibika zaidi, na fundi anayekuja baadaye anakuta kazi ngumu kuliko ile ya mwanzo.